Maua mapya yameungua kwa sakitu: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Jioni miche imesimama vizuri kwenye tuta. Saa 3 asubuhi majani yamelegea, yamekuwa meusi na yameloa kama mboga iliyochemshwa. Makete, Njombe na Mufindi watu wanajua bila kuuliza: sakitu, baridi ya usiku inayogandisha mimea, imepita. Kenya, upande wa Kinangop na Molo, wengi huiita jalidi.

Inayotia hasara zaidi ni ya mwisho wa msimu. Nyanda za Juu Kusini huja Agosti ikielekea kwisha, jua la mchana limeshaanza kuchoma, mtu amesema kipupwe kimepita na ameshatoa miche kitaluni. Nyandarua, Kenya, kalenda ni nyingine. Julai kuna baridi, lakini mawingu hubaki juu ya ardhi kama blanketi, kwa hiyo hatari kubwa iko Januari na Februari, anga likiwa jeupe usiku kucha na hewa kavu. Sakitu ya Januari 2012 iliyounguza chai huko Kericho na Nandi ilikuwa ya aina hiyo.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, shika jambo moja, kwa sababu karibu kila kosa linatokana nalo. Usiku wa sakitu joto ndilo linaloondoka. Mchana udongo hunywa joto la jua, na usiku hulirudisha angani. Pasipo wingu wala upepo hakuna cha kulizuia, na majani nayo hupoteza joto lake vivyo hivyo mpaka yanakuwa baridi kuliko hewa inayoyazunguka. Udongo ndio jiko pekee ulilonalo usiku ule. Kwa hiyo ukikuta ua limeungua, uliza: joto la udongo lilipotelea wapi kabla ya kulifikia jani?

Kwanza hakikisha ni sakitu

Angalia kabla ya saa 4 asubuhi, jua likishakausha dalili nyingi hufanana. Chuma jani moja ulielekeze kwenye mwanga. Lililoungua kwa sakitu huwa kama limepakwa mafuta: mwanga unapenya, mishipa inaonekana wazi, na ukilibana kwa vidole linatoa maji. Ni kwa sababu barafu imeharibu utando wa chembe za jani, maji yake yamemwagika ndani kwa ndani. Mchana jani hilohilo litakuwa kahawia na kukatika kama karatasi.

Usidai kuona barafu nyeupe ndipo uamini. Hewa ikiwa kavu sana, jani huganda bila umande kuwa barafu juu yake. Asubuhi nyasi ni kavu kabisa na mimea imekufa. Hii ndiyo inayowapotosha watu wakaanza kutafuta ugonjwa.

Kama mche umeanguka mzima na shina limekatwa sawasawa na udongo, fukua sentimita 2 au 3 kando yake: utamkuta sota amejikunja. Shina likiwa jembamba, jeusi na laini pale linapogusa udongo huku majani ya juu bado ni ya kijani, hicho ni kinyausi, na chanzo chake ni maji mengi. Miche inayolegea saa 8 mchana na kusimama tena jioni ina kiu au mizizi yake haijashika. Majani yanayogeuka zambarau polepole kwa siku kadhaa bila kulegea, mara nyingi ni mizizi iliyopoa na kushindwa kunyonya fosforasi. Udongo ukipata joto hupona yenyewe. Sakitu haiendi polepole. Inamaliza kazi usiku mmoja, na huanza na majani ya juu yanayotazama anga. Majani yaliyojificha chini ya mengine husalimika.

Kipimajoto kilisoma digrii 3, mbona yameungua?

Kilikuwa kimetundikwa wapi? Kipimajoto cha ukutani, usawa wa kifua, chini ya paa, kinapima hewa yenye joto la nyumba. Usiku tulivu usio na mawingu, hewa iliyo usawa wa maua yaliyopandwa juzi inaweza kuwa chini ya hapo kwa digrii 2 hadi 4. Ukisoma 3 barazani, tuta linaweza kuwa tayari liko sifuri.

Kilaze juu ya vijiti viwili, sentimita 5 hadi 10 kutoka ardhini, katikati ya tuta, mahali wazi. Kisome mara mbili: saa 3 usiku, kisha alfajiri, jua likikaribia kuchomoza au kidogo baada yake, maana baridi kali kuliko zote huja saa hiyo, wala si usiku wa manane. Ukiandika namba hizo kwa usiku kumi utajua tofauti ya bustani yako na baraza lako, na tofauti hiyo haibadiliki sana katika usiku wa aina moja.

Uamuzi wa kufunika, hata hivyo, usiungoje usiku. Saa 10 alasiri toka nje. Anga halina wingu, upepo uliokuwa ukivuma mchana unakufa, hewa inakausha midomo, na usiku uliopita tuta lilishuka chini ya digrii 4? Funika. Ukikosea umepoteza nusu saa ya kazi tu.

Yalifunikwa, na bado yameungua

Hapa ndipo malalamiko mengi yapo, na mara nyingi kosa liko kwenye namna ya kufunika. Nenda ukaangalie kifuniko kabla hujakitoa.

Kama kimefungwa kwenye shina kama kilemba, sehemu ya juu imevikwa na chini imebanwa kwa kamba, ua limetengwa na jiko lake. Joto la udongo linapanda nje ya kitambaa na kwenda zake. Mmea hauna joto la mwili kama mtu, kuuvika nguo peke yake hakusaidii. Kitambaa lazima kiteremke mpaka ardhini pande zote, tena kipanuke zaidi ya majani kwa angalau sentimita 20 kila upande, ili eneo la udongo linalopumua ndani liwe kubwa. Kingo zibane kwa mawe au zifukie kwa udongo. Nafasi ya upana wa kiganja upande mmoja inatosha kuingiza hewa baridi usiku kucha.

Kama majani yaliyoungua ni yale tu yaliyogusa kifuniko, na utayaona kwa madoa yanayofuata mikunjo ya kitambaa, basi hakuna kilichokiinua. Uso wa juu wa kifuniko ndio unaopoa sana, na jani linaloegemea hapo linapoa nao. Chomeka fito au mianzi iliyokunjwa upinde, moja kila sentimita 60, kitambaa kikae sentimita 10 hadi 20 juu ya maua. Kitambaa kilicholowa umande ni kibaya zaidi: kinaganda na kushikana na jani, na asubuhi kinapovutwa kinang'oa vichipukizi.

Kama ulitumia karatasi ya nailoni peke yake, ile nyepesi inayong'aa, chanzo ndicho hicho. Nailoni nyembamba huzuia upepo, lakini mionzi ya joto la udongo hupenya ndani yake na kutoka, na hali ya ndani inaweza kuwa karibu sawa na ya nje. Shuka kuukuu la pamba, blanketi au gunia la katani vinafanya kazi bora zaidi. Kama huna ila nailoni, tandika shuka kwanza juu ya fito na nailoni juu yake, isiguse jani lolote. Vitambaa vya kiwandani vya kukingia sakitu hupimwa kwa uzito: cha gramu 17 kwa mita ya mraba huongeza takriban digrii 1 hadi 2, cha gramu 50 huongeza kama 3 hadi 4. Usitegemee kingine chochote chepesi kifanye zaidi ya hapo.

Swali la mwisho ni la saa. Kufunika saa 3 usiku ni kufunika udongo uliokwisha kupoa. Funika saa 11 jioni, jua bado liko juu ya kilima, joto lingali ndani. Asubuhi ondoa kifuniko pale kipimajoto cha tuta kinapopita digrii 4, kwa kawaida kati ya saa 2 na saa 3. Nailoni iliyosahaulika mpaka saa 5 hupika maua yaleyale uliyoyaokoa.

Kwa miche michache iliyoachana, ndoo iliyopinduliwa na jiwe juu yake inatosha, na chungu cha udongo ni bora kuliko sufuria. Chupa ya maji iliyokatwa kitako ni ndogo mno: inafunika udongo kidogo na jani linagusa ukuta wake.

Usiku ukitarajiwa kuwa mkali, ongeza joto chini ya kifuniko. Jaza dumu la lita 20, liache juani mchana kutwa, kisha liingize ndani ya kitambaa saa 11. Maji hayo yakipoa kutoka digrii 20 hadi 5 yanatoa joto sawa na balbu ya kizamani ya wati 60 iliyowaka kwa muda wa karibu saa 6. Dumu moja kwa kila mita 2 za tuta jembamba ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Matuta ya bondeni yamekwisha, ya juu yako salama

Hewa baridi ni nzito, inatembea kama maji. Inateremka mlimani polepole, inajaa mabondeni, na ikikuta kizuizi inatuama. Tazama mstari wa uharibifu: ukiona umenyooka kwa usawa mmoja kama alama ya maji ya mafuriko, hapo ndipo dimbwi la baridi lilipofika.

Mara nyingi kizuizi ni ua wako mwenyewe. Michongoma iliyoshonana, au ukuta wa matofali upande wa chini wa bustani, ni bwawa. Fungua njia chini yake: ondoa matawi ya michongoma mpaka sentimita 40 kutoka ardhini, au acha lango la upande wa chini wazi usiku. Ua mzito unafaa upande wa juu wa mteremko, kwa sababu huko unaikata hewa baridi na kuipitisha pembeni.

Maua yasiyovumilia kabisa, kama begonia, impatiensi, zinia na koliasi, yapeleke karibu na ukuta wa nyumba unaotazama magharibi. Ukuta huo unashiba jua la alasiri na kulitoa usiku, tena unayakinga na jua la mapema, kwa hiyo jani lililoganda linayeyuka taratibu.

Yenye matandazo yameungua, yasiyo nayo yamepona

Wengi hukataa kuamini hili, kwa sababu tumefundishwa kwamba matandazo ni kinga. Yanakinga mizizi. Majani yaliyo juu yake yanapata hasara, kwa sababu nyasi kavu za sentimita 8 hufungia joto ndani ya udongo, na uso wa nyasi wenyewe unapoa haraka kuliko ardhi tupu. Magugu hufanya hivyohivyo. Msimu wa hatari ukiwa haujaisha, vuta matandazo pembeni, udongo uwe wazi sentimita 25 kuzunguka kila mche, yarudishe baada ya wiki za sakitu kupita.

Kulima nako kuna wakati wake. Udongo uliotifuliwa leo umejaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Usipige jembe siku mbili au tatu kabla ya usiku wa baridi. Udongo bora ni ulioshikana kiasi, usio na magugu, wenye unyevu.

Unyevu unahitaji muda. Udongo mkavu huhifadhi joto kidogo na hulipitisha polepole. Mwagilia kati ya saa 4 na saa 6 mchana, siku hiyohiyo au ya kabla yake, kama lita 15 kwa mita ya mraba, na mpira wa maji uwe chini, usiloweshe majani. Chomeka kijiti: unyevu ufike sentimita 15. Jua la alasiri ndilo litakalopasha maji hayo.

Yalinyunyiziwa maji usiku, yakafa vibaya zaidi

Kuna ukweli uliopinda hapa. Mashamba makubwa hutumia springla dhidi ya sakitu, na inafanya kazi, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto. Sharti ni yaendelee kuganda bila kukoma. Maji yakikatika, yale yaliyoloa yanaanza kukauka, na kila gramu inayogeuka mvuke inachukua joto ambalo zaidi ya gramu 7 zingetoa kwa kuganda. Keni moja iliyomwagwa saa 5 usiku ni kuongeza baridi.

Kwa springla unahitaji angalau lita 3 kwa kila mita ya mraba kila saa, kuanzia tuta likiwa digrii 1 mpaka barafu yote iyeyuke asubuhi. Tuta la mita za mraba 10 kwa saa 8 ni lita 240. Kwa bustani ya nyumbani yenye maua laini hatushauri, hata pale maji yapo: uzito wa barafu unavunja mashina ya petunia na snapdragoni kama vijiti vya kiberiti.

Moto uliwashwa, moshi ukatanda, na hakuna kilichopona

Moshi si wingu. Chembe zake ni ndogo mno kuzuia mionzi ya joto inayotoka ardhini, na ukibaki angani asubuhi unachelewesha jua kupasha bustani. Kinachosaidia ni joto la moto, nalo moto mmoja mkubwa hulirusha juu moja kwa moja likapotea. Matairi yasichomwe kabisa, yanatia sumu kwenye hewa ya jirani zako na kwenye udongo wako.

Miche imenyanyuka, mizizi iko nje

Majani ni mazima lakini mche umeinuliwa sentimita 1 au 2, na pembeni yake udongo umesimama juu ya sindano za barafu. Hutokea kwenye udongo mtupu uliolowa sana, sehemu za juu kama Kitulo. Ushindilie mche kwa vidole asubuhi hiyohiyo kabla mizizi haijakauka, fukia, mwagilia kidogo. Hapa matandazo membamba ya sentimita 3 yana faida. Yaweke kwa maua magumu kama pansi na kalendula, yasiyojali sakitu ya majani, na kwa maua laini tegemea kitambaa.

Aina moja, tuta moja, nusu imekufa

Uliza historia ya miche. Iliyokaa chini ya nailoni kitaluni, ikamwagiliwa kila siku, ina majani mapana mepesi yaliyojaa maji. Kabla ya kupandwa, izoeshe siku 7 hadi 10: siku ya kwanza ikae nje kivulini kwa muda wa saa 2, ongeza kila siku, punguza maji bila kuiacha inyauke, na siku 2 za mwisho ilale nje ikiwa usiku haushuki chini ya digrii 8. Mche uliozoeshwa unajulikana kwa mkono. Jani ni nene, shina halipindi upesi.

Mbolea inafuata. Mbolea ya naitrojeni kama CAN au urea ikiwekwa wiki mbili kabla ya sakitu inatoa machipukizi laini, na hayo ndiyo ya kwanza kuungua. Panda kwa samadi iliyooza vizuri na uahirishe naitrojeni mpaka baridi ipite. Majani yaliyolala yakiwa na maji nayo yana hatari zaidi, kwani bakteria wanaoishi juu yake, Pseudomonas syringae, huanzisha barafu tuta likiwa kama digrii 2 tu chini ya sifuri, wakati jani safi na kavu lingeweza kushuka zaidi bila kuganda.

Aina nazo zina uwezo tofauti. Pansi, kaneshani, kalendula, alisamu na snapdragoni iliyozoeshwa hustahimili sakitu nyepesi. Petunia na jeraniamu ziko katikati. Kwa maua laini, dawa pekee ya hakika ni kungoja. Wanaolima Ujerumani wana desturi ya kutopanda nje mpaka zipite siku za "watakatifu wa barafu", tarehe 11 hadi 15 Mei. Huku kwetu hakuna tarehe moja inayofaa milima yote, kwa hiyo daftari lako la kipimajoto ndilo litakalokuambia.

Asubuhi ileile, na wiki mbili zinazofuata

Weka kivuli upande wa mashariki kabla jua halijawaka: shuka juu ya kamba linatosha. Usiguse majani yaliyoganda, yanavunjika. Usikate kitu siku hiyo. Majani yaliyokufa, yakiwa makavu, yanakinga macho ya chini (sehemu za kuchipukia) dhidi ya sakitu nyingine, na huwezi bado kujua uharibifu umefika wapi. Ila mashina ya begonia na impatiensi yaliyogeuka uji yaondoe ndani ya siku mbili, yataoza na kuambukiza kitovu. Mwagilia shinani udongo ukikauka, na mbolea isubiri.

Baada ya siku 10 hadi 14 kwaruza shina kwa ukucha, ukianzia juu. Chini ya ganda kukiwa na kijani chenye maji, pana uhai. Kahawia kavu, shuka sentimita 2 ukwaruze tena. Ukifika kwenye kijani, kata nusu sentimita juu ya jicho la kwanza lililo hai. Petunia na jeraniamu mara nyingi hurudi namna hii. Zinia iliyoungua mpaka chini hairudi, panda nyingine. Dalia usiing'oe hata kama juu pamekuwa peusi pote: kata shina sentimita 10 kutoka ardhini, funika kiazi kwa udongo wa sentimita 5, usilowanishe sana, na uipe wiki 3 hadi 4 ichipue.